Sanduku la Taa Ishirini na Nne

Asubuhi niliyoondoka Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, sikuwa nimegombana na mtu, wala sikuwa na mahali pa kwenda. Niliamka nikakuta ukungu wa ziwa umepanda mpaka kwenye mahindi yetu. Ng'ombe wa jirani walisikika lakini hawakuonekana, na nilihisi kwamba nikitembea ndani ya weupe ule nitatokea mahali pengine. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote. Nilivaa viatu vya koko, bibi yangu mzaa mama, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu, nikatoka. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, au kumi na mitatu. Koko alikuwa na hesabu yake, na karatasi ya kambi ilikuwa na yake.

Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, tulifika na Kifaransa chetu kidogo cha darasani, na pale walifundisha kwa Kiingereza, basi wakaniketisha na watoto wa darasa la kwanza, magoti yangu yakigonga dawati. Nilijua kugawanya namba kubwa, ila sikujua kulisema jambo hilo kwa lugha yao. Siku moja baada ya mapumziko sikurudi ndani, na hakuna aliyetoka kuniita. Tangu hapo nilizurura. Nilifuata mafundi wa baiskeli, wachimba visima, wanawake waliochoma matofali. Nilitaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, kisha nikishajua nilitaka kuondoka. Koko alisema, "Weye mutoto, miguu yako iko nakula njia sawa mbuzi anakula majani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya macho yangu.

Nisingeyakumbuka haya yote kama juzi nisingepita kwenye mji mmoja na kumkuta fundi kando ya barabara akilehemu redio. Moshi wa risasi ikiyeyuka pamoja na ulimbo ni mwembamba, mtamu mwanzoni na mchungu nyuma ya ulimi. Nilisimama katikati ya njia. Watu walinigonga mabega, na mimi nilikuwa mbali, nimekaa juu ya magunia ya mahindi, napita Isingiro, vilima vya migomba vikifunguka kimoja baada ya kingine.

Lori lililobeba magunia hayo lilikuwa la mtu wa kwetu, dereva aliyesali kanisa moja na koko. Alinikuta nje ya ukungu, upande wa barabara kuu, akaniuliza naenda wapi. Nilimwambia naenda mbele. Akacheka, akasema mbele ni Mbarara, nikapanda. Alidhani nimetumwa. Mimi nilidhani amejua sikutumwa.

Mbarara aliniacha Nyamityobora, mtaa aliposhusha magunia. Nilitembea kati ya nyumba za bati na vibanda vya viazi, na hapo ndipo harufu ile ilinipata mara ya kwanza. Niliifuata kama mtu anayefuata wimbo. Ilitoka kwenye duka jembamba lililojaa redio zilizofunuliwa matumbo, na ndani yake alikuwepo mzee mrefu mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Watu wote walimwita Afande, kwa kuwa zamani alikuwa mtu wa simu na redio jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Wewe nataka nini?"

"Sitaki kitu. Naangalia."

"Kuangalia iko bure. Lakini mkono weka nyuma. Hapana gusa."

Niliweka mikono nyuma. Jua lilihama kutoka kizingitini mpaka ukutani, nami nilikuwa bado nimesimama vile vile. Mwishowe alivua miwani yote miwili.

"Nani iko na wewe?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu iko bila mtu," alisema, akanipeleka kwa dada yake, mjane aliyeuza mkaa nyuma ya duka. Nilipomtajia lori lililonileta, akampigia simu mtu aliyemjua dereva wake.

Kesho yake dereva alipita na ujumbe kutoka kwa koko. Alisimama mlangoni mwa duka, akakohoa, akausema kama kwaya. "Koko yako anasema hivi: kama haukukufa, kula muzuri. Kama ulikufa, rudia akuone. Na viatu vyake anavitaka." Nikavua viatu nikampa. Kisha akapunguza sauti. "Anasema tena: Jumamosi saa sita nipite hapa. Kama kuna mutu mukubwa mwenye atasema 'huyu mutoto, mimi nitamujibia', utabakia. Kama hakuna, utapanda lori."

Ninyi mliokulia mahali kama pale mnaelewa koko alitaka nini. Kambini kila mtoto ameandikwa kwenye kadi ya mtu mzima. Mtoto asiye na wa kumjibia hahesabiki amepotea wala amepatikana, hayupo tu. Koko hakunikatalia dunia. Alitaka tu pawe na mtu, huko duniani, atakayeitika nikiulizwa.

Nilimtazama Afande. Yeye alitazama redio.

"Mimi hapana," alisema. "Mimi nilikwisha lea wanajeshi, iko basi. Jumamosi, lori."

Basi nilikuwa na siku tano.

Siku hizo Afande hakutengeneza redio. Alikuwa na kazi kubwa zaidi, nayo ilikuwa sanduku la mbao lenye ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Kule Bwizibwera, kwenye barabara ya Ibanda, palikuwa na kituo ambapo wafugaji walileta maziwa, na tangi kubwa la kuyapoza. Kutoka kwenye tangi mpaka kwenye kabati la mitambo ilipita kebo nene kama kifundo cha mkono, ndani yake nyuzi ishirini na nne. Panya walikuwa wameitafuna mahali fulani ndani ya ukuta. Siku nyingine tangi lilipoza, siku nyingine lilinyamaza, maziwa yakachacha yakamwagwa. Nyuzi zipi zilikuwa zimekatika? Kuzipima moja moja kwa balbu na betri kulichukua siku nzima, na Afande alikuwa amejaribu mara mbili akapoteza hesabu katikati.

Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa amemwanzishia sanduku hilo kabla ya kwenda Kampala. Kiini chake kilikuwa kibao kidogo chenye chipu inayofundishwa kazi kwa kompyuta. Sanduku lingetuma umeme kwenye uzi wa kwanza upande huu, kisha liulize upande wa pili umefika wapi, halafu uzi wa pili, mpaka wa mwisho, na kuonyesha namba mbili kwenye kioo: ulipotoka na ulipofika.

"Sasa tazama taabu," Afande aliniambia, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. "Nyuzi ishirini na nne huku, ishirini na nne huku. Hii chipu iko na akili mingi, lakini miguu haifiki ishirini. Ofisa moja, mdomo moja. Sasa unampa askari."

Askari walikuwa aisii, yaani chipu nyingine ndogo, nyeusi, zenye miguu ya chuma kumi na sita kila moja, zilizopangwa tatu tatu. Tatu zilikuwa za kutuma, tatu za kupokea. Chipu ilihitaji miguu mitatu tu kuziongoza zile za kutuma: mguu mmoja wa kusema neno, wa pili wa kupiga hatua, wa tatu wa kutoa amri ya mwisho. Kila moja ya zile tatu ilibeba maneno manane, na ikijaa ilisukuma lililozidi kwa jirani yake. Juu ya kila mguu wa kutuma Afande alikuwa amelehemu taa ndogo nyekundu, na chini ya kila taa kitundu cha kuingizia uzi, na karatasi yenye namba aliyoiandika kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika polepole.

Nililipenda sanduku lile jinsi watoto wengine wanavyopenda ndama. Mchana, Afande akilala kwenye kiti, nililiangalia nikaona mji wakati wa jioni unaoonekana kutoka mlimani, taa moja moja, kila taa na watu wake.

Siku ya tatu alilimaliza. Alichukua kipande cha kebo mpya kabisa, akaingiza nyuzi zote, ya kwanza kwenye kitundu cha kwanza, akawasha. Kioo kiliandika: moja, ishirini na nne. Kisha: mbili, ishirini na tatu. Kisha: tatu, ishirini na mbili. Kebo mpya, iliyonyooka, sanduku lilisema imepinda yote, kichwa kimekaa mkiani.

"Inadanganya," Afande alisema taratibu. Akazima, akawasha. Likadanganya vile vile. Alilehemu upya miguu mitatu. Alibadilisha askari mmoja. Alimpigia simu yule mwanafunzi, simu haikupatikana. Siku ya nne alilifunika sanduku kwa gazeti. "Aisii za soko hizi. Imekufa. Nitaambia Nyabo, ule mama mkubwa wa kituo ya maziwa, atafute fundi wa Kampala."

Alitoka kwenda kunywa chai, na mimi nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nililifunua sanduku. Kwetu, kupima kulikuwa ni ile tepe ya rangi ya kupimia njaa waliyotufunga mkononi tulipovuka mpaka, ikisema nani yuko salama na nani hayuko. Nilikuwa nimeamini siku zote hizo kwamba sanduku linapima chochote kinachounganisha. Nilichomeka waya moja upande wa kutuma na nyingine upande wa kupokea, nikashika ncha zake, moja kwa kila mkono, nikamfikiria koko. Nilitaka kujua kama uzi kati yetu ni mzima. Kioo kiliandika namba moja, na mahali pa namba ya pili kikaacha wazi.

Afande aliporudi alinikuta nimekaa chini kati ya redio, nalia bila sauti.

"Umeme imekupiga?"

"Hapana. Mimi nimekatika ndani."

Ilibidi nimweleze. Hakucheka. Alivuta kiti, akashika ncha zile mwenyewe kwa vidole vyake vikubwa vyenye makovu ya chuma cha moto. Kioo kiliacha wazi vile vile.

"Unaona? Na mimi iko na watoto saba, wote iko hai," alisema. "Ngozi ya mtu inakataa umeme kidogo kama hii. Mtu si waya. Futa pua yako, kamasi inaingia kwa redio."

Kwa vile mkono wangu ulikuwa umeshagusa, hakunikataza tena. Ijumaa aliniachia sanduku kama kitu cha kuchezea, akafungua redio ya mtu. Pembeni palikuwa na kitufe ambacho mwanafunzi alikiweka kwa ajili ya fundi. Ukikitumia, sanduku liliacha mbio zake, likaenda hatua moja kwa kila kubonyeza, na amri ya mwisho ilitolewa kila hatua ili macho yaone. Nilibonyeza. Taa ya kwanza kabisa, ile ya karibu na chipu, iliwaka. Nilibonyeza tena. Ile ikazimika, ya pili ikawaka. Mwanga ulikwenda taa kwa taa, taratibu, na nikasikia ndani ya kichwa changu debe likigongwa.

Siku ya posho kambini, karani wetu alikuwa na sauti ndogo na mistari ilikuwa mirefu, basi watu wetu walitunga namna yao. Karani alimnong'oneza mtu wa mbele neno moja, "leo" au "kesho". Mzee wa mstari aligonga debe, na kila aliyeketi alimpa wa nyuma yake neno alilokuwa nalo, akapokea jipya kutoka mbele. Neno jingine, debe, jingine, debe. Hakuna aliyesimama mpaka filimbi ilie. Ikilia, wenye "leo" walisimama, wenye "kesho" walibaki chini. Wageni walikosea sikuzote. Mgeni aliyekaa mbele aliposikia "leo" la kwanza alishukuru Mungu kwa sauti, akaanza kukunja gunia lake, na koko akamvuta shati: "Kaa chini, baba. Neno ya kwanza haiko yako, ni ya ule wa mwisho kabisa. Weye uko daraja tu."

Nilibonyeza mara ishirini na nne nikihesabu kwa Kifaransa. Mwanga ulifika mwisho kabisa wa mstari, ukasimama pale, na kioo kikaandika moja.

"Afande," nilisema. "Halidanganyi. Ni wewe umekaa mbele na kukunja gunia."

"Sema kama mtu."

Nikamweleza debe na karani na filimbi. Alinisikiliza akiwa na koleo mdomoni. Kisha alitoa koleo.

"Profesa wa posho," alisema. "Sasa sisi hatuna kompyuta. Hii chipu itasikia nani kumwambia ageuze maneno?"

"Tusiigeuze. Tugeuze watu."

Nilianza kubandua karatasi za namba kwa kucha. Alinitazama mpaka nilipofika ya tano, ndipo akaelewa, akaenda kuchukua gundi. Tulizibandika upya, mia kwa mia kinyume: ishirini na nne karibu na chipu, moja kule mwisho. Tukaingiza ile kebo mpya. Moja, moja. Mbili, mbili. Tatu, tatu. Afande aliendelea kusoma kwa sauti mpaka ishirini na nne, na dada yake akatoka nyuma na mikono yake myeusi ya mkaa kuuliza nani anafundishwa kuhesabu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Bwizibwera, sanduku likiwa mapajani mwangu. "Kama inaharibika huko, tutarudi kabla ya saa sita, lori itakukuta," Afande alisema njiani. Nililikumbatia sanduku. Nyasi zilikuwa na umande, ng'ombe wenye pembe ndefu walisimama ndani yake kama vinubi visivyo na wapigaji, na kila pikipiki iliyotupita ilibeba mikebe ya maziwa iliyogongana kwa sauti ya kengele za mbali.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, aliyefunga leso ya buluu. Afande alimwita Nyabo, neno la heshima la huko kwa mama, nami nikamwita hivyo. Foleni ya wafugaji ilikuwa imefika barabarani na tangi lilikuwa kimya tangu alfajiri.

"Afande, agandi?" alisalimu kwa lugha ya huko. "Umeleta dawa ama umeleta mtoto?"

"Nimeleta zote."

Afande alifungua kabati upande mmoja, mimi nikaenda upande wa tangi na ncha ya pili ya sanduku, ile yenye kioo. Nilizungumza na Afande kwa kupiga kelele juu ya ukuta. Moja, moja. Mbili, mbili. Wafugaji walisogea kutazama. Kumi na saba, kumi na saba. Kumi na nane, pakabaki wazi. Nilikifuta kioo kwa kiganja. Kisha kumi na tisa, kumi na tisa. Ishirini, wazi. Nyingine zote zilikuwa nzima.

"Ni kumi na nane na ishirini!" nilipiga kelele.

"Una hakika? Mimi nakata!"

Sasa nafikiri alikuwa na hakika yake mwenyewe tayari. Aliniuliza mbele ya watu kwa makusudi. Wakati ule nilifikiri tu kwamba nikikosea, uzi mzima utakatwa, na maziwa ya watu wote wale yatakwenda kwenye mtaro.

"Kata!"

Nyuzi tatu ndani ya kebo hazikuwa na kazi. Afande alihamishia kazi ya zile mbili zilizokufa kwenye hizo zisizo na kazi, akalehemu, akafunga, akasukuma swichi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha tangi lilitetemeka, likakohoa, likaanza kuunguruma kwa sauti nene, na foleni yote ikasogea hatua moja mbele bila kuambiwa.

Nyabo hakushangilia. Aliweka mkono kwenye chuma akasubiri mpaka kilipoanza kuwa baridi. "Panya hawajahama," alisema. "Watakula tena wiki ijayo. Hili sanduku lenu linabaki hapa."

"Sanduku peke yake hapana sema kitu," Afande alisema. "Iko na mtu wake."

"Nani?"

Alininyooshea kidole, kisha akajifuta mikono polepole sana, bila kunitazama. Nyabo alinipima kwa macho kuanzia miguu yangu isiyo na viatu.

"Unakula mingi?"

"Kidogo."

"Muongo. Kuja."

Chumba kilikuwa nyuma ya tangi, cha kuwekea mikebe mitupu. Alimwita mtu akaihamisha yote, akaleta kitanda cha kamba, blanketi, na kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Kupitia ukutani nilimsikia Afande akiongea na dereva wa lori kwa simu, akirudia jina la Nyabo herufi kwa herufi ili koko aambiwe sawasawa. Mlango ulikuwa wa mbao, na upande wa ndani ulikuwa na komeo. Sikuwahi kulala mahali penye komeo la ndani. Nilisukuma, likaingia mahali pake, nikaketi kitandani na kikombe magotini. Tangi liliunguruma. Jua la alasiri lilipita chini ya mlango, likalala miguuni pangu kama mbwa.

Kisha mtu akausukuma mlango kutoka nje, ukakataa. Akasukuma tena.

"Nani iko ndani?" alifoka mfugaji mmoja aliyetafuta mkebe wake. "Nani amefunga hapa?"

Nilifungua mdomo nijibu. Kabla sijapata neno, sauti ya Nyabo ilivuka ua wote kutoka kwenye mizani.

"Acha mlango! Huyo ni wangu!"